Mkwaju ambao haukupigwa: kisa cha Roberto De Vicenzo na kadi yake, Augusta 1968

Jumapili ya Pasaka, tarehe 14 Aprili 1968, jamaa mmoja wa Argentina alikaa kwenye meza ndogo pembeni ya griini (ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo) ya shimo la 18 pale Augusta National, jimbo la Georgia, Marekani, akapewa kadi yake ya matokeo, akaipitisha macho juu juu, akachukua penseli akasaini. Hiyo saini ndo kisa chenyewe. Alikuwa ametoka kupiga raundi ya mikwaju 65, siku hiyo hiyo anatimiza miaka 45, na kila mtu aliyekuwa pale uwanjani na kwenye tivii alikuwa anajua kwamba huyu mtu ama anachukua Masters, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu duniani, leo au kesho Jumatatu anarudi kucheza mashimo 18 ya ziada kumtafuta bingwa. Muda kidogo baadae ikagundulika kadi aliyosaini inasema 66. Na kwenye gofu, ambako mwenye mikwaju michache ndo mshindi, kadi uliyosaini ikisema 66 basi umepiga 66, hata kama dunia nzima imekuona ukipiga 65.

Nimekifikiria hiki kisa miaka mingi na kila nikisikia watu wanakisimulia naona wanakimaliza haraka sana, utasikia "aah yule aliyesaini kadi ya makosa", wanacheka, wanaendelea na mambo mengine. Mimi naona pale kuna watu watatu walioumia, kuna sheria ambayo wengi wanaitukana bila kuielewa, na kuna kosa la maandalizi ambalo karibu hakuna anayelitaja. Kwahiyo twende taratibu.

Kwanza tumjue mwenyewe. Roberto De Vicenzo alizaliwa 1923 Villa Ballester, pembezoni mwa Buenos Aires, kwenye familia isiyo na hela, gofu aliijua kupitia kazi ya ukedi, yaani kubeba mikoba ya fimbo za matajiri na kutafuta mipira yao iliyopotea. Kuna watu wanaingia gofu kwa sababu baba ana uanachama wa klabu, huyu aliingia kwa sababu kulikuwa na senti za kuokota. Akiwa na miaka 15 tayari ni profesheno. Baada ya hapo akazunguka dunia nzima, Amerika Kusini, Ulaya, Marekani, akakusanya mataji zaidi ya 200, Argentina Open peke yake aliichukua mara 9. Ila kwenye mashindano makubwa kabisa ilikuwa inamkwepa. British Open alishika nafasi ya pili 1950 nyuma ya Bobby Locke, halafu nafasi ya tatu akaishika mara kadhaa, mwaka huu anakaribia, mwaka kesho anakaribia, mpaka watu wakaanza kumuona kama mtu wa kupendwa tu asiyekuwa na bahati ya kushinda.

Ndo ikaja 1967 kule Hoylake, Uingereza. Ana miaka 44, umri ambao wengi washaanza kufundisha wengine, akapiga jumla ya 278 na kumuacha Jack Nicklaus kwa mikwaju miwili, Nicklaus ambaye ndo alikuwa bingwa mtetezi. Mashabiki wa kule walimpigia makofi kama vile ni mtoto wao kashinda. Alikuwa na kitu hicho huyu mtu, popote alipoenda watu walimpenda, mrefu, mabega mapana, mpole, anacheka na kila mtu. Kwahiyo alivyofika Augusta Aprili 1968 hakuwa mgeni wala mbahatishaji, alikuwa bingwa wa British Open na yuko kwenye ubora wake.

Siku ya mwisho alianza akiwa nyuma ya Gary Player, aliyekuwa anaongoza, kwa mikwaju miwili. Shimo la kwanza, mkwaju wa kwanza katikati ya njia, mkwaju wa pili akachukua fimbo namba 9, mpira ukaenda ukaingia shimoni moja kwa moja. Mikwaju 2 kwenye shimo la pa 4 (pa ni ile idadi ya mikwaju ambayo mchezaji mzuri anategemewa kutumia kwenye shimo). Watu wanamwimbia wimbo wa kuzaliwa na yeye anafungua siku namna hiyo! Shimo la pili akapata bedi, yaani mkwaju mmoja chini ya pa, la tatu bedi nyingine. Ndani ya mashimo matatu keshakata mikwaju minne. Mashimo 9 ya kwanza akayamaliza kwa 31. Kuna siku mchezaji anaonekana hafikirii tena, mwili unafanya wenyewe, na De Vicenzo siku ile alikuwa huko.

Akaendelea, bedi ya 12, bedi ya 15, halafu akafika shimo la 17. Hili ndo la kulikumbuka. Ni pa 4, mkwaju wake wa pili ukakaa karibu kabisa na shimo, akausukuma ukaingia. Mikwaju 3. Watazamaji waliona, kamera ziliona, kelele zilisikika mpaka mbali. Mpaka hapo yuko mikwaju 8 chini ya pa kwa siku hiyo.

Shimo la 18 likamharibia. Mkwaju wa kwenda griini ukatoka nje upande wa kushoto, akajaribu kuokoa, mkwaju wa mwisho wa kuokoa pa akaukosa, akatoka na 5, yaani bogi, mkwaju mmoja juu ya pa. Akatoka pale griini akiwa na hasira na nafsi yake, manake nyuma yake Bob Goalby, mchezaji wa Marekani, alikuwa anakuja kwa kasi, ameshapata bedi za 13 na 14 na kwenye 15 kapiga 3 ya shimo la pa 5. De Vicenzo kichwani anahesabu kwamba ile bogi huenda ndo imempa Goalby koti la kijani, lile analovalishwa bingwa wa Masters.

Naomba tukae hapo kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu kisa chote kiko kwenye zile dakika mbili tatu kati ya griini ya 18 na ile meza. Mtu akisikia "alisaini bila kuangalia" anadhani ni uzembe wa furaha, kwamba jamaa alikuwa anasherehekea. Hapana. Alikuwa anaomboleza shimo la 18. Kosa liko mstari wa 17 na akili yake yote iko mstari wa 18, na ule mstari wa 18 ulikuwa umeandikwa sahihi, 5, ndo alichokuwa anakiona, kidonda chake mwenyewe. Mtu aliyetoka kuumia haangalii kule alikofanya vizuri. Anaangalia palipomuuma. Yeye mwenyewe alikuja kueleza kwamba ile presha ya mwisho ilimtoa akili kabisa, na mimi namwamini kwa asilimia mia.

Sasa tuongelee kadi yenyewe, maana bila kuelewa inavyofanya kazi huwezi kuhukumu. Kwenye gofu ya kuhesabu mikwaju hakuna refa anayekufuata na filimbi. Uwanja ni mkubwa, wachezaji wametawanyika kilomita kadhaa, kwahiyo tangu zamani utaratibu ni kwamba mwenzako unayecheza naye ndo anakuandikia matokeo yako na wewe unamwandikia ya kwake. Mkimaliza mnabadilishana, kila mtu anakagua kadi yake shimo kwa shimo, aliyeandika anasaini, mwenye kadi anasaini, inakabidhiwa kwa kamati. Kadi ikishakabidhiwa imefungwa.

Aliyekuwa anamwandikia De Vicenzo siku ile ni Tommy Aaron, profesheno wa Marekani, mtu wa Georgia hapo hapo. Kwenye 17 akaandika 4 badala ya 3. Kwahiyo mashimo 9 ya mwisho ambayo yalikuwa 34 yakasomeka 35, na raundi ya 65 ikawa 66.

Mimi nimeshawahi kuwaandikia watu kadi, mashindano madogo tu ya kirafiki, na nitawaambia ukweli hii kazi inadharauliwa sana. Una kadi ya karatasi ngumu iliyokunjwa mfukoni imeshalowa jasho, una kipenseli kifupi kama kidole gumba, umetoka kukosa mkwaju wako na bado unausikia mikononi, unatembea kwenda tii inayofuata (pale mnapoanzia shimo jingine) huku unajiuliza upige fimbo gani, na hapo katikati inabidi uandike namba mbili, ya kwako na ya mwenzako. Mara nyingi huandiki palepale, unasubiri mpaka kwenye tii, wakati mwingine unaruka shimo unakuja kujaza mawili kwa pamoja. Na jicho lina tabia ya kuandika kilichozoeleka, shimo la pa 4 mkono unaenda wenyewe kwenye 4. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwa Aaron, ninachosema ni kwamba hakuna haja ya kutafuta nia mbaya hapa. Ni mkono wa binadamu.

Na Aaron ndo aliyegundua. Alikuwa bado yuko pale mezani, De Vicenzo keshaondoka kwenda kuhojiwa, Aaron akaona hesabu haikai sawa na kile alichokiona uwanjani, akasema. Fikiria moyo wake ulivyodunda. Angeweza kunyamaza? Isingesaidia kitu, ubao wa matokeo ulikuwa unaonesha kitu kingine na lingejulikana tu, lakini bado, yeye ndo aliyefungua mdomo.

Viongozi wa mashindano wakahangaika. Wakaenda mpaka kwa Bobby Jones, muasisi wa klabu na mashindano yenyewe, mzee ambaye kwa wakati huo alikuwa anaumwa sana hawezi hata kutembea, kumuuliza kama kuna namna yoyote. Hakukuwa na namna. Sheria ya 38 kifungu cha 3 ya wakati ule ilikuwa wazi, ukisaini matokeo ya shimo yaliyo juu kuliko uliyopiga, yale ya juu ndo yanabaki. Ukisaini yaliyo chini, unaondolewa mashindanoni kabisa. Matokeo ya mwisho yakasomeka Goalby 277, De Vicenzo 278. Goalby kavaa koti la kijani na dola 20,000, De Vicenzo wa pili na dola 15,000.

De Vicenzo alivyoambiwa alisema maneno ambayo yanarudiwa mpaka leo, kwa Kiingereza chake cha kuunga unga, kwamba yeye ni mjinga namna gani. Watu walicheka ile sarufi yake na wanaicheka mpaka sasa, na hilo linaniudhi kwa kweli. Hebu isikilize ile sentensi imebeba nini. Hakutaja jina la mtu mwingine. Mtu alikuwa amekaa pembeni yake ambaye mkono wake ndo ulioandika ile 4, ulimwengu mzima ulikuwa tayari kumpasua Tommy Aaron, na De Vicenzo akasema kosa ni langu, akampongeza Goalby, akasema Tommy anaumia kama mimi. Kwa lugha ambayo sio yake, ndani ya dakika chache tangu apoteze nafasi ya maisha, siku ya birthdei yake! Wengi wetu kwa lugha tuliyozaliwa nayo na tukiwa na wiki nzima ya kujiandaa tusingeweza kusema hivo.

Haya, sheria. Hapa najua kuna watakaonipinga. Lawama kubwa ya siku zote ni kwamba mamilioni waliona kwenye tivii mpira unaingia kwa mkwaju wa 3, sasa unawezaje kusema ni 4? Inasikika vizuri ila iangalie kwa undani. Mwaka 1968 kamera zilikuwa zinaonesha mashimo ya mwisho na wachezaji wanaoongoza, basi. Yule jamaa aliye nafasi ya 38 hakuna aliyemuona. Sasa tukisema kamera irekebishe kadi, tunamrekebishia nani? Aliyeko kwenye kamera tu. Yule mwingine akikosea kadi yake anabaki na makosa yake kwa sababu hakuwa maarufu siku hiyo. Saini ndo kitu pekee ambacho walikuwa nacho wote kwa usawa, anayeongoza na anayeburuta mkia. Kwahiyo mimi naitetea ile sheria kwenye mzizi wake.

Na watu husahau upande wa pili wa hiyo sheria, kwamba ilikuwa na huruma kidogo. De Vicenzo hakuondolewa. Kwa kuwa alijiongezea mwenyewe hakuna aliyemdhulumu, kwahiyo akabaki wa pili. Angalia kilichompata Jackie Pung, mama wa Hawaii, miaka 11 kabla, kwenye US Women's Open ya 1957 pale Winged Foot, New York. Alimaliza akiwa na jumla ya chini kuliko wote, kamshinda Betsy Rawls kwa mkwaju mmoja. Ila kwenye shimo la 4 kadi yake ilisoma 5 wakati alipiga 6. Jumla ya raundi iliyoandikwa chini ilikuwa sahihi kabisa! Yaani hakuficha chochote, hesabu ya mwisho ilihesabu ile 6. Haikusaidia, kwa sababu mchezaji anawajibika kwa namba ya kila shimo, jumla ni kazi ya kamati. Akaondolewa, mwenzake Betty Jameson ambaye walikuwa wanaandikiana naye akaondolewa pia kwa kosa lile lile kwenye shimo lile lile. Waliokuwepo pale waliona uchungu wakamchangia Pung hela ambazo zilizidi hata zawadi ya mshindi. Hiyo kesi mimi naiona mbaya zaidi kuliko ya De Vicenzo, na inasimuliwa mara chache mno.

Sasa kosa la maandalizi. Meza ile ilikuwa wazi, pembeni ya griini, kelele kila upande, watu wa tivii wanamsubiri wamchukue kwa mahojiano. Unamkalisha mtu mahali kama hapo dakika chache baada ya bogi ya shimo la 18 kwenye mashindano makubwa kuliko yote ya maisha yake halafu unamwambia kagua namba 18. Hakuna aliyekaa naye akamwambia mzee tulia, tusome pamoja, shimo la 1, mbili, shimo la 2, nne. Kama sheria yako inasema saini ndo neno la mwisho, basi una wajibu wa kumpa mtu sehemu ya kusaini yenye heshima na hiyo sheria. Huwezi kuweka adhabu kali kiasi kile halafu ukaiweka kwenye meza ya barabarani. Hili ndo ninalowalaumu waandaaji, na wao wenyewe walilionesha kwa vitendo kwa sababu baadae wachezaji wakawekewa sehemu ya faragha ya kukagulia kadi. Siku hizi kwenye mashindano makubwa kuna chumba kabisa, kuna maafisa wanaosoma na mchezaji shimo kwa shimo, kuna watu wanatembea na kila kundi wanaingiza mikwaju kwenye mashine.

Na bado inatokea. Februari 2024 Jordan Spieth, mtu ambaye ashachukua Masters, aliondolewa kwenye Genesis Invitational pale Riviera kwa sababu alisaini 3 kwenye shimo la 4 ambalo alipiga 4. Mwaka 2024! Na vifaa vyote hivyo. Kwahiyo anayesema De Vicenzo alikuwa mzembe kuliko kawaida aangalie tena. Leo hii iko kwenye Sheria ya 3.3b, maneno yamebadilika ila msingi ni ule ule, juu inabaki, chini unatoka.

Kuna mtu wa tatu sijamzungumzia vya kutosha, Bob Goalby. Watu wanasema De Vicenzo aliibiwa Masters. Sio kweli, na nalisema hili kama mtu anayempenda De Vicenzo. Goalby alipiga 66 siku ile, jumla 277, na kila mkwaju wake aliupiga kihalali. De Vicenzo kihalisia naye alikuwa na 277. Kwahiyo alichopoteza ni haki ya kucheza mashimo 18 Jumatatu na Goalby, hakuna anayejua nani angeshinda. Lakini umma haukutaka kusikia hesabu hiyo. Goalby alitumiwa barua za matusi kwa miaka, kama vile yeye ndo alishika ile penseli. Hii ndo ilikuwa meja yake pekee, yaani shindano kubwa kabisa, kati ya mataji 11 aliyochukua kwenye PGA Tour, ule mzunguko wa maprofesheno wa Marekani, na kila alipotambulishwa ilikuwa ni kama bingwa kwa makosa ya kadi. Alifariki Januari 2022 akiwa na miaka 92 na habari zilizoandikwa juu yake nyingi zilianza na De Vicenzo. Ukiniuliza nani aliadhibiwa muda mrefu zaidi kwa ile 4, nitakwambia ni Goalby. Yeye ndo alitamani Jumatatu ile ichezwe kuliko mtu yeyote.

De Vicenzo hakujifungia ndani. Wiki chache tu baada ya Augusta, Mei 1968, akashinda mashindano ya Houston hapo hapo Marekani. Hiyo mimi ndo napenda kuliko hata British Open yake, kwa sababu mchezaji mwingine angeingia kila raundi akiwa anakagua kadi mara kumi na kusahau kupiga mpira. Mwaka 1970 akapewa Tuzo ya Bob Jones, ambayo chama cha gofu cha Marekani hutoa kwa uungwana michezoni, na ukizingatia Jones ndo yule yule aliyefuatwa kuulizwa siku ile, unaona ilivyokaa. Mwaka 1980 ilivyoanzishwa US Senior Open, mashindano ya wakongwe, bingwa wa kwanza kabisa akawa yeye, De Vicenzo, ana miaka 57, na ilichezwa wapi? Winged Foot, pale pale Pung alipolia. Akaingizwa kwenye jumba la heshima la gofu duniani 1989. Alifariki tarehe 1 Juni 2017, miaka 94. Koti la kijani lilikuja kwenda Argentina 2009 kupitia Ángel Cabrera, na mzee alikuwa bado hai kuliona.

Nimalizie na Tommy Aaron, maana huwa anaachwa hapo hapo kwenye ile meza ya 1968. Miaka mitano baadae, 1973, Masters hiyo hiyo, Augusta hiyo hiyo, Aaron anamaliza raundi ya mwisho akiwa anaongoza. Aliyekuwa anamwandikia ni Johnny Miller. Aaron akapewa kadi, akakaa, akaanza kuisoma shimo moja moja. Kufika la 13 akakuta Miller kaandika 5. Alikuwa amepiga 4. Akairekebisha kwanza ndo akasaini. Jumla yake ikawa 283, na wa pili J.C. Snead alikuwa na 284.